Namba Zilizosomwa Stesheni

Kazi yangu ya sasa ni rahisi kuieleza, ingawa kuifanya kunanichukua siku nzima. Chipu nyingi huzaliwa na kazi moja na hufa nayo. Zile ninazoshughulika nazo huzaliwa bila kazi. Ndani yake kuna vipande vidogo vingi vinavyoweza kusema ndiyo au hapana, na kati ya vipande hivyo kuna nyaya zisizoonekana kwa macho, ambazo bado hazijaunganishwa. Umeme ukiingia, chipu husoma orodha ya namba kutoka kwenye kumbukumbu iliyo pembeni yake, na namba hizo ndizo huamua waya upi uungane na upi. Kuanzia hapo ni mashine ya kuchuja sauti, au ya kupanga mizigo, au ya kuendesha pampu. Ukikata umeme, inasahau yote. Ukiiwasha na orodha nyingine, inakuwa mashine nyingine.

Sikujifunza haya chuo kikuu. Nina diploma ya serikali ya ufundi wa umeme. Mengine niliyapata katika vitabu vya Kifaransa vilivyoachwa Kolwezi na watu waliomaliza mikataba yao, na kwa mtu mmoja ambaye hakumaliza mkataba wake bali aliondolewa. Naandika juu yake. Sitataja jina lake wala la mtu mwingine yeyote, kwa sababu baadhi yao wako hai na tunakutana kanisani.

Alikuwa mkuu wa ateliye ya vipimo. Ateliye ilikuwa chumba kirefu chenye meza sita, ambamo tulitengeneza kila kitu chenye sindano au taa kilichotoka kiwandani na kwenye machimbo. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, katika kambi ya wafanyakazi, na Kasai alikuwa amefika mara moja tu, kwa msiba. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mimi ishirini na sita. Nilimwita shefu. Yeye aliniita muloko, jina ambalo kwetu mtu humwita mdogo wake, na hakuwaita hivyo mafundi wengine.

Kadi aliyoitengeneza yeye ilianza hivi. Kulikuwa na shimo moja la shaba upande wa barabara ya Mashamba, na chini ya shimo pampu tano za kutoa maji. Pampu hizo zilipaswa kuwaka moja baada ya nyingine, kamwe si mbili kwa pamoja, kwa sababu transfoma ilikuwa imechoka. Moja ikifa, inayofuata ishike nafasi yake. Kazi hiyo ya kupanga zamu ilifanywa na kabati lililojaa swichi za sumaku, na swichi zilikuwa zimeungua midomo. Vipuri vilikuwa havifiki tena. Mhandisi mmoja wa Ulaya, siku ya kuondoka, alimwachia shefu kadi ya majaribio yenye chipu moja ya aina niliyoeleza. Alimwachia pia kompyuta ya kuipangia, na kisanduku cha swichi cha kuandikia kumbukumbu kwa mkono. Alimwambia kwamba ni kitu cha kuchezea. Shefu alikaa nacho miaka miwili, kila alasiri baada ya kazi, mpaka kabati zima la swichi likaingia ndani ya chipu yenye ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Siku pampu zilipowaka kwa mpangilio wa kadi, alisimama mbele ya kabati akihesabu sekunde kwa saa yake ya mkono, kisha akasema twende tukale.

Ile kumbukumbu ya pembeni ilikuwa na dirisha dogo la kioo mgongoni. Ndivyo zilivyotengenezwa wakati ule: mwanga mkali ukiingia kwenye dirisha kwa muda wa kutosha, namba zinafutika, na unaweza kuandika upya. Kwa hiyo ukishaandika unaziba dirisha. Kiwandani zilikotengenezwa walitumia karatasi maalumu ya fedha. Sisi hatukuwa nayo. Tulitumia sparadra, ule utepe mweupe wa kufungia vidonda, tulioomba hospitali. Tuliweka tabaka mbili. Utepe mweupe hauzuii mwanga vizuri, na tulilijua hilo, lakini kadi ilikuwa ndani ya kabati la chuma, kabati ndani ya nyumba ya pampu, na nyumba ilikuwa na paa. Hatukuona kosa.

Shefu hakuamini disketi. Vumbi letu jekundu liliziua, na lisipoziua vumbi ziliuawa na unyevu. Kwa hiyo kila alipobadilisha mpangilio, alinakili orodha yote kutoka kwenye kioo cha kompyuta kwa mkono, katika daftari la shule la miraba. Zilikuwa namba mbilimbili, jozi kumi na sita kwa mstari, na mwisho wa mstari jumla yake. Ijumaa alasiri alisoma kwa sauti na mimi nikahakiki kwenye kioo, nikiweka alama ya kalamu. Orodha ilikuwa na jozi zaidi ya elfu moja. Namba za aina hii hutumia pia herufi sita, kuanzia A hadi F, na herufi hizo zikisomwa haraka zinafanana sikioni. Shefu alizipa majina ya mahali: Ankoro, Bukama, Congo, Dilolo, E'ville kama wazee walivyoiita Lubumbashi, na Fungurume. Alisoma bila kupandisha wala kushusha sauti. Tatu Bukama. Sifuri sifuri. Dilolo saba. Nilizoea kiasi kwamba hadi leo nikiona herufi D kwenye kioo nasikia Dilolo.

Madaftari yalikuwa mawili. Moja lilikaa ateliye, la pili nyumbani kwake.

Jinsi mji ulivyoporomoka sitaeleza kwa urefu, kwa kuwa kila mtu wa umri wangu anajua. Kwanza vipuri, halafu wageni, halafu dawa. Kisha siku za uporaji, ambapo kompyuta yetu iliondoka pamoja na meza iliyokuwa chini yake, na karatasi zote za ateliye zikaondoka pamoja na kabati lake. Ukurasa mmoja wa daftari niliuona sokoni umefungiwa karanga. Niliutambua kwa jumla zilizokuwa pembeni.

Kisha ikaja zamu ya watu. Hotuba zilisema kila mtu arudi kwao. Vijana wa chama walipita nyumba kwa nyumba wakiandika milango kwa chokaa. Watu wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu, hata na watu waliokuwa wamewazika wazazi wao pamoja. Mama yangu alikuwa Mluba wa kaskazini ya Katanga, na Kiluba chake kilikaribiana na chao. Aliacha kukisema njiani. Baadaye aliacha kukisema hata ndani ya nyumba, akasali kwa Kiswahili, na mpaka anakufa hakukirudia sawasawa.

Jumanne moja shefu hakuja kazini. Saa sita nilipita nyumbani kwake. Mwanamke nisiyemjua alikuwa anaanika nguo kwenye kamba ya mke wa shefu. Aliniuliza ninatafuta nini. Nilimwambia nimepotea nyumba.

Mimi ndiye niliyeshika rejista ya mahudhurio. Rejista ilikuwa na herufi kwa kila hali: ugonjwa, likizo, msiba, safari ya kikazi. Kwa hali hii haikuwa na herufi. Nilifikiri kwa dakika chache nikaandika A, hayupo. Jumatano niliandika A. Alhamisi niliandika A. Wiki iliyofuata nilipewa barua ya kukaimu nafasi yake, pamoja na funguo na mhuri wa ateliye. Nilitia sahihi kwamba nimevipokea.

Baada ya hapo wezi walichukua mabati ya nyumba ya pampu, na mlango wa kabati kwa sababu ulikuwa wa chuma. Nilienda kuona. Pampu zilikuwa zinafanya kazi, jua lilikuwa linapiga ndani, na mvua ilikuwa imegeuzwa na upepo kwa hiyo kadi ilikuwa kavu. Niliandika ripoti ya kuomba mabati. Sikuitazama sparadra. Nilitazama maji, kwa sababu watu wa umeme hutazama maji. Hapakuwa na jibu la ripoti. Jua lilipiga kama wiki tatu, na utepe ukakauka, ukajikunja kama ganda la kitunguu, dirisha likabaki wazi na namba zikafutika.

Hata kufutika huko hakukuonekana. Chipu ilikuwa imeshasoma orodha yake zamani, na maadamu umeme ulikuwepo iliendelea na kazi. Kisha umeme ulikatika kwa dakika kama tano. Uliporudi, chipu iliomba orodha, na kumbukumbu ikaipa utupu. Pampu hazikuwaka. Nilikuja na kisanduku cha swichi, ambacho waporaji walikiacha na ambacho husoma pia, nikasoma nafasi moja moja. Kila nafasi ilisema Fungurume Fungurume. Hivyo ndivyo kumbukumbu iliyofutika husema. Nilisoma nafasi mia mbili kabla ya kukubali.

Swichi za zamani zilikuwa zimeng'olewa na kuuzwa kama shaba. Hakukuwa na njia ya kurudi kwenye kabati la kale. Ilikuwa masika.

Mkurugenzi wa machimbo aliniita.

"Hiyo orodha haiko na nakala?"

"Iko moja. Iko kwa shefu."

"Shefu gani?"

Nilimtaja.

"Iko wapi yule?"

"Stesheni."

Alitazama dirishani. Maji hayakuonekana kutoka pale, lakini alitazama upande huo. "Basi enda," alisema. "Usichukue gari ya kazi. Watu bataona."

Nilienda kwa baiskeli. Watu waliofukuzwa walikuwa wamekaa stesheni kwa wiki nyingi wakisubiri mabehewa, wakilala chini ya mashuka na maturubai waliyofunga kwenye nguzo, kuanzia jengo la tiketi hadi ghala la mizigo na kupita. Walikuwa na magodoro, cherehani, milango waliyong'oa kwenye nyumba zao wenyewe. Nilimkuta shefu ukutani mwa ghala, amekaa juu ya sanduku la bati, amenyoa ndevu, amevaa koti lake la kazi. Mke wake alikuwa anakoroga bukari, ugali wetu, kwenye sufuria. Walikuwa na mabinti watatu. Mkubwa alikuwa na miaka kama kumi na sita.

"Muloko," shefu alisema. "Banakutuma, ao umekuya weye mwenyewe?"

"Banantuma, shefu."

"Muzuri. Haunidanganye, njo muzuri. Ni nini?"

"Pampu zimesimama. Memwari imefutika."

"Yote?"

"Fungurume mpaka mwisho."

Alifikiri kidogo. "Paa iko?"

"Baliiba mabati. Na mulango ya kabati."

"Na sparadra?"

"Ilibanduka."

Mabega yake yalitikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. "Nilikuambia tuweke ile karatasi ya ndani ya paketi ya sigara. Ile ya kungaa."

"Shefu, ulisema sparadra inatosha."

"Mi nilisema?"

"Ulisema."

"Basi. Mi njo mujinga, weye uko mashahidi."

Mke wake hakuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Banamufukuza, halafu banamukuyia na maulizo ya kazi. Acha shimo ijae. Bakunywe."

"Mama, ule shimo iko na batu ndani."

"Na hapa hakuna batu?"

Shefu aliinuka. Alifungua sanduku, akatoa daftari lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Hakunipa. Alikaa tena, akaliweka juu ya magoti.

"Daftari siachi," alisema. "Ni kitu yangu. Lakini tutasoma, utaandika. Leta karatasi. Na mi pia naomba karatasi, moja tu. Attestation de service, ile barua ya kusema mutu alifanya kazi. Niko na miaka makumi mbili na mbili hapa. Kule Kasai, Mbuji-Mayi, nitafika namna gani? Kule hawanijue. Kule mi ni mutu ya Katanga. Nitakuwa muzee mwenye kusema anajua elektroniki. Iandikwe: ile kadi, mi njo nilitengeneza. Maneno hiyo tu, na mhuri."

Nilisema nitaleta. Nilisema hivyo bila kufikiri, kwa sababu ilikuwa haki yake na ilikuwa rahisi.

Tulianza palepale. Nilikaa chini, nikaweka ubao magotini. Alisoma kwa sauti ileile ya Ijumaa. Nane Ankoro. Sifuri sifuri. Bukama mbili. Watu waliokuwa karibu walinyamaza na kugeuka. Mzee mmoja alikuja na fimbo yake akasimama mbele yetu.

"Tata, treni ya Bukama inatoka lini?"

"Hapana treni, tata," shefu alisema. "Ni hesabu."

"Nimesikia Bukama."

"Ni hesabu ya mashini."

"Na Dilolo? Batu ya Dilolo nabo banaenda?"

"Hapana, tata. Ikala tu chini. Treni ikifika, utaisikia yenyewe."

Walikuja wengine, tukawaambia vivyo hivyo. Baadaye watu walizoea na watoto wakaanza kuigiza. Upande wa pili wa ghala tulisikia sauti ndogo zikiita Fungurume, Fungurume, na wengine wakiitikia kwa namba. Binti mkubwa alishika mwavuli juu ya karatasi yangu, na kila mwisho wa mstari alipiga jumla kichwani kabla yangu. Mara tatu jumla haikukubali, na mara zote tatu kosa lilikuwa langu. Alilionyesha kwa kidole.

Jua lilipoanza kushuka tulikuwa tumefika katikati. Nilipanda baiskeli nikaenda ofisi ya wafanyakazi kabla haijafungwa. Karani alikuwa mtu niliyesoma naye. Alifungua jalada la shefu, akalisoma, akaligeuza ili na mimi nisome. Kulikuwa na mhuri mwekundu: ameacha kazi.

"Mutu ya kuacha kazi hapewake attestation," alisema.

"Hakuacha. Alifukuzwa. Unajua."

"Mi najua. Jalada haijue." Alifunua karatasi ya chini. Ilikuwa nakala ya rejista yangu. A, A, A. Siku tatu mfululizo bila sababu huhesabiwa kuacha kazi, na kanuni inafanya kazi yenyewe. "Nani aliandika hii? Si weye?"

"Ni mi."

"Uliandika muzuri sana. Hata rature moja, hata neno moja ya kukata, haina."

Hakuwa ananikejeli, au sikusikia kejeli. Nilimuuliza kama herufi zinaweza kubadilishwa. Alisema zinaweza, kwa barua ya mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa ameshaondoka kwenda Lubumbashi na angerudi baada ya juma. Nilimshukuru karani.

Kesho yake nilirudi stesheni asubuhi na tukamaliza orodha kabla ya saa nane. Nilimwambia shefu habari za jalada. Sikumwambia habari za rejista. Yeye mwenyewe aliifikia.

"Ni zile A," alisema.

"Ndiyo."

"Hakukuwa herufi ingine."

"Hakukuwa."

"Mi njo nilikufundisha ile rejista," alisema, kama mtu anayekumbuka kitu cha mbali. Kisha: "Mhuri ya ateliye iko kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi andika weye. Kule hawajue mhuri gani ni mukubwa, gani ni mudogo. Bataona mhuri."

Ilikuwa kweli, na nilikuwa nimeshaifikiria njiani. Nilirudi ateliye, nikafunga mlango, nikaketi mbele ya mashine ya kuandika. Niliandika jina lake kwa herufi kubwa, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuanza kazi. Nilifika kwenye mstari wa tano, mstari wa kadi. Niliandika kwamba alishiriki, pamoja na mimi, nikaweka jina langu kamili, katika kubuni na kutengeneza mfumo wa kuendesha pampu.

Nimejaribu mara nyingi kupanga sababu zangu. Nilikuwa nakaimu nafasi, na nafasi ile ilisimama juu ya kadi ile. Mkaguzi angeuliza kwa nini ninathibitisha kazi ya mtu aliyeandikwa kuacha kazi, na kama na mimi nimo ndani ya mstari, swali lingekuwa dogo. Pia nilikuwa nimehakiki kila jozi kwa miaka miwili, na neno kushiriki halikuwa uongo mtupu. Sababu zote hizi nilizipanga baadaye. Pale kwenye mashine niliandika tu, bila kusita, kama nilivyoandika A. Niliipiga mhuri, nikangoja wino ukauke, nikaweka karatasi ndani ya kitabu isikunjike.

Asubuhi ya tatu nilipofika stesheni, mabehewa yalikuwa yameingia. Yalikuwa ya mizigo, mengine hayakuwa na paa. Watu walikuwa wanapandisha magodoro kwanza na wazee baadaye. Shefu alikuwa amesimama chini ya behewa, anapokea vitu kwa mke wake na kuwapa mabinti waliokuwa tayari juu. Aliponiona alifuta mikono kwenye koti, akachukua karatasi, akaisoma jinsi alivyosoma kila kitu, mstari kwa mstari, kidole kikienda pembeni.

Kidole kilisimama.

"Alishiriki," alisema.

"Ndiyo, shefu."

"Na weye."

"Mi nilihakiki namba."

"Ulihakiki. Njo kweli, ulihakiki." Alitazama mabehewa, halafu barabara inayotoka stesheni. "Mashini ya kuandika iko wapi?"

"Ateliye."

Kwa baiskeli ilikuwa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Sote tulihesabu. Nilikuwa na kalamu mfukoni, na nadhani aliiona, lakini karatasi yenye neno lililokatwa haikubaliwi na ofisi yoyote. Hilo pia alinifundisha yeye. Mimi ningeweza kusema naenda, ningoje, huenda treni ikachelewa. Treni zote wakati ule zilichelewa. Sikusema. Nilisimama mikono imelegea kando, kama ya mtu anayesubiri kupewa kitu cha kubeba.

"Haina neno," alisema shefu. Aliikunja karatasi mara nne na kuiweka ndani ya daftari.

Mke wake, aliyekuwa ameshapanda, aliuliza kutoka juu ya behewa, "Banaandika nini?"

"Banaandika: nilifanya kazi."

"Tu hivyo?"

"Tu hivyo, mama. Shika hii sufuria."

Nilimsaidia kupandisha sanduku la bati. Alinipa mkono. Aliniambia niangalie mstari wa arobaini na mbili, kuna jozi mbili zinazofanana zikifuatana, nisidhani ni kosa nikaruka moja. Nilisema nitaangalia. Treni iliondoka baada ya muda wa saa tatu. Muda ungetosha kwenda na kurudi, na kuandika karatasi tatu.

Niliandika kumbukumbu kwa kisanduku cha swichi kwa siku nne. Unaweka swichi nane juu au chini, unabonyeza, unasogea nafasi inayofuata. Kwenye mstari wa arobaini na mbili nilisimama, nikaandika jozi zote mbili. Niliziba dirisha kwa karatasi ya ndani ya paketi ya sigara. Pampu ziliwaka moja baada ya nyingine, na mkurugenzi, aliyekuwa amerudi, alinipa mkono mbele ya watu. Pampu zilifanya kazi mpaka mwisho wa masika. Kisha waya mkubwa wa kuleta umeme shimoni ulikatwa na kuibiwa, wote, kutoka nguzo hadi nguzo, na hakuna orodha ya namba inayosaidia mahali pasipo na umeme. Maji yalipanda polepole. Mwaka uliofuata watu walikuwa wanafua nguo pembeni yake. Kadi niliing'oa na kuipeleka nyumbani.

Sijapata habari za shefu. Fundi mmoja wa reli aliniambia treni ile ilikaa Kamina siku nyingi, na kwamba walizika watu kando ya reli. Sikumuuliza wangapi wala akina nani. Niliwahi kuandika barua kwa parokia moja ya Mbuji-Mayi. Haikujibiwa, na sikuandika ya pili.

Baada ya miaka kadhaa niliomba nafasi katika maabara ninayofanyia kazi hadi leo. Walikuwa wanatafuta mtu wa chipu zinazopangika, na watu wa namna hiyo walikuwa hawapo nchini. Waombaji wengine wawili walikuwa na digrii. Niliweka kadi mezani, nikaeleza kila mstari wa orodha kwa saa nzima bila kutazama karatasi. Watu watatu waliokuwa wananisaili walisikiliza vizuri. Kisha mwenyekiti aliuliza kama nina hati yoyote inayoonyesha kwamba kazi hii niliifanya mimi.

Ateliye yetu iliandika kila kitu kwa kaboni, nakala mbili. Nilifungua mfuko nikampa nakala. Aliuliza huyu mwenye jina kubwa hapo juu ni nani. Nilisema alikuwa mwenzangu, aliondoka. Alishuka hadi mstari wa tano, akapiga mstari wa kalamu chini ya jina langu, akauliza naweza kuanza lini. Nilisema Jumatatu.